Namba Themanini

Mimi ni fundi wa kumalizia. Pale Kibuye, nyuma ya vitanda
vilivyosimamishwa wima kama watu wanaosubiri kuitwa,
kazi yangu ni msasa: namba themanini kwanza, ya kukwaruza,
kisha mia na hamsini, kisha mia mbili na arobaini,
mpaka kiganja kipite juu ya mvule kisikwame popote.
Kwa mbao, najua pa kuachia.

Kwa uso sikujua.

Zilikuwa alama tatu tu, shavu la kushoto, za chunusi za mwaka jana.
Nikanunua chupa ya matone, tindikali ya matunda,
nikanunua ya pili, ya siku ambazo ile ya kwanza inapumzika.
Asubuhi dodoki. Usiku sukari, ndimu na machicha ya kahawa.
Mwezi wa pili ngozi ikang'aa
kama stuli iliyotoka kupigwa vanishi,
nami nikasimama mbele ya kabati la mteja, lenye kioo,
nikajigeuza huku na huku, nikajipa heko.

Kumbe ule haukuwa mng'ao. Ulikuwa uchi.

Wiki iliyofuata maji ya bomba yakaniuma.
Maji! Yasiyo na kosa na mtu.
Jasho likishuka, nililifuata njia nzima:
paji, nyusi, pembe ya jicho, shavu. Hapo moto.
Vumbi la mvule likaniingia kama lina kinyongo.
Nikalia kidogo, nikagundua machozi nayo yana chumvi,
nikaacha.

Kerubo wa duka la dawa, Kondele, hakuniuzia kitu kwanza.
Aliniuliza ninachopaka. Nikataja, akawa anakunja vidole;
vya mkono mmoja vikaisha, akahamia wa pili.
"Toa vyote," akasema. "Maji ya uvuguvugu.
Sabuni isiyonukia, usiku tu.
Mafuta ya mgando, uso ukiwa bado na unyevu.
Kofia pana. Wiki sita, pengine nane."
"Halafu?"
"Halafu hakuna. Hiyo ndiyo dawa."

Nilitaka dawa ya kufanya. Nikapewa ya kutofanya,
na mkono wangu, ambao tangu utotoni haujui kukaa,
ukalala mapajani kama wa mgeni.

Wiki ya pili Otunga, mwanagenzi wetu, alipewa mlango wa kabati:
vinia ya mahogani, nyembamba kama ganda la kitunguu,
juu ya ubao wa takataka za mbao.
Alisugua aondoe doa la chai.
Doa likatoka. Vinia nayo ikatoka.
Chini yake gundi, rangi ya uji uliolala.
Akanitazama, anasubiri kugombezwa.
Ningemgombeza na uso upi?
Wahenga walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.
Hawakusema kati ya uzuri na mti kuna unene gani,
wala nani hulipa, mtu akishafika ndani.

Mlango tuliutupa. Mbao ikishakatwa haioti.

Jioni, Manyatta, nakaa nje ya mlango na uso wangu wa mafuta.
Vijidudu vya ziwani huja kama moshi usio na moto,
vinanasa, kimoja paji, vitano shavuni.
Achando, dada yangu, hucheka mpaka ashike ukuta:
"Leo mtego umejaa!"
Navitoa kwa pamba mbichi, nikigusa tu, sisugui.
Nimejifunza kugusa nikiwa na miaka thelathini na mmoja.

Siku ya thelathini na tisa, au arobaini, sikuweka alama,
nilikuwa nimeinama juu ya meza ya mteja wa Maseno.
Jua kali. Jasho likaanza safari.
Paji. Nyusi. Pembe ya jicho.
Nikaacha kusugua, nikajikaza, nikangoja.
Shavu.
Likapita juu ya zile alama tatu, bado zipo, zote tatu,
likateremka polepole mpaka mdomoni.

Nikalionja. Chumvi tu.